Mbuzi Walioniziba Mdomo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha kwenye kona ya uwanja wa Migwani, leso mdomoni, nikitazama Mwethya Stars wakichapwa tatu kwa nunge na Njiapanda ya Emali. Sare tu ingetupandisha daraja. Nyinyi mkakunja gazeti mkalala. Mimi sikulala.

Kwa anayenikuta leo, jina langu ni Mwongeli, ila sokoni huniita Mama Kanini. Napika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na kibanda changu hakikosi watu. Tena nilikuwa mwimbishaji wa mashabiki wa Mwethya Stars. Nilikuwa, nimesema.

Uwanja wetu tuliuchimba wenyewe kwa mwethya, ile kazi ya kijiji ambapo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Na tulichimba vile tunavyojua, kwa kufuata mteremko, kama mtu anayekata matuta ya shamba. Hakuna aliyekumbuka kwamba mpira si mahindi. Ukatoka uwanja safi, tambarare, ila goli moja linatazama moja kwa moja pale jua linapotua. Kipindi cha pili kipa wa goli hilo haoni kitu. Mpira anauona ukishalala wavuni.

Kila timu ngeni ilijua. Ikishinda shilingi ya refa, inatupangia tulinde goli la jua kipindi cha pili. Na bado hawakuwa wanatufunga.

Siri ilikuwa mimi. Nilikuwa nasimama nyuma ya goli hilo na kayamba yangu, naimbisha. Mpira ukitoka upande wa kushoto wa kipa, naingiza neno "mto", kwa sababu mto uko kule. Ukitoka kulia, naimba "barabara". Ukiwa juu, "mwewe". Mashabiki waliitikia wakidhani Mama Kanini amepandwa na furaha. Kipa wetu Kisilu alikuwa anafumba macho yake na kutumia yangu. Tulikuwa tunajua sisi wawili, pamoja na watu wa nyumba yangu.

Halafu Januari, watu wakivuna ndengu, Kisilu akaleta mbuzi kwangu.

Mbuzi wa ntheo, wasomaji wangu. Watatu. Mkamba akileta hao, amekwambia anamtaka binti yako, na ukichinja mmoja mkala, amekuwa mkwe. Na mkwe ana nthoni. Mama mkwe na mkwewe hawasalimiani kwa mkono, hawasemezani, hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na jina lake hulitamki. Sisi nyumbani tumeokoka miaka mingi. Lakini nthoni haijaokoka.

Mimi nilikuwa nimesema mbuzi waje Agosti, msimu ukiisha. Wakaja Januari. Mume wangu Musyimi akasema, "Mbuzi wakifika hawarudishwi njiani," akanoa kisu. Nikala ile nyama nikijua nimejifungia nje ya goli langu. Tangu siku hiyo nikawa nasimama kona ya mbali, nimejifunika, na kila mechi ya nyumbani nikamwona Kisilu akirukia upande ambao mpira haupo.

Hayo mliyasoma. Sasa sikieni yaliyofuata.

Siku ya soko baada ya ile aibu, kibanda kilijaa lakini hakuna aliyecheka. Mbaluka, mkuu wa mashabiki, yule anayepiga ngoma, alikuwa anakoroga muthokoi wake kama aliyepoteza kitu ndani.

"Mama Kanini," akasema, "ile siku ya mwisho si ungeimba tu? Hata kidogo?"

"Nthoni utaniondolea wewe?"

"Nthoni ni ya nyumbani. Uwanjani ni mpira."

"Mwambie mama mkwe wako hivyo, halafu uje unieleze."

Watu wakacheka kidogo, nikaona nimepona. Hapo ndipo akaingia Kusow, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mwenye maneno machache na macho mengi. Akaomba chai. Akiwa anangoja, akachungulia nyuma ya kibanda, pale ninapofunga wale mbuzi wawili waliobaki ili wale maganda ya mahindi.

"Hawa wamefikaje huku?" akauliza.

"Hao ni wa ntheo ya binti yangu."

Kusow akainama, akamshika mmoja sikio. "Huyu ni wangu. Ona, nimekata mara mbili chini. Nilikuwa nao watatu. Niliuza Emali, mwezi wa kwanza."

"Ulimuuzia yule kipa wetu?"

"Kipa gani? Nilimuuzia Nyamai. Yule wa duka la dawa za mifugo. Mwenye timu."

Vijiko vilisimama. Nyamai ndiye mwenyekiti wa Njiapanda ya Emali, hakuna asiyemjua. Na dukani kwake ndiko binti yangu Kanini anafanya kazi tangu mwaka juzi.

Mbaluka akasukuma sahani yake pembeni. Hakuwa amemaliza, na Mbaluka humaliza.

"Kwa hivyo ulikula mbuzi wa Emali," akasema. "Halafu ukanyamaza."

"Mbaluka, nimejua sasa hivi, pamoja na wewe."

"Mimi sijui. Jumapili tukitoka kanisani kutakuwa na mkutano pale shuleni. Uje na kayamba."

Akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana haraka. Kusow alibaki ameshika kikombe. "Walahi, Mama Kanini, sikujua nimesema nini," akaniambia. Nikamwambia hana kosa. Nikakalia gunia la mahindi.

Nililia pale, siwafichi. Nimeuza muthokoi Migwani tangu nikiwa msichana na hakuna mtu amewahi kuniita mwizi. Sasa nilikuwa nimeuza timu, na malipo niliyatafuna mbele ya mashahidi.

Nilijua kitu kimoja. Kisilu alikuwa amepewa wale mbuzi na Nyamai. Ningemuuliza. Lakini ningemuulizaje, na nthoni haijaniacha?

Jumamosi Kanini akaja nyumbani kutoka Emali. Alisema amepata lifti. Nikamwambia amwite mchumba wake, na Kisilu akaja, akasimama langoni kama inavyompasa, amegeukia barabara. Mimi nikakaa jikoni, nimegeukia mafiga. Katikati yetu akawa Kanini, anabeba maneno. Hivyo ndivyo sisi huongea na wakwe, na nawaambia, ni kazi ya kuchosha kuliko kuteka maji.

"Mwulize wale mbuzi alitoa wapi."

Kanini akaenda. Kwenye upenyo wa mlango nilimwona Kisilu akiinamisha kichwa, akisema, akisema, akishika kifua, akionyesha kule kwenye steji ya matatu. Maneno mengi. Kanini akarudi.

"Anasema Nyamai alimpa. Zawadi."

"Yale yote ni hayo tu?"

"Mama, akishtuka huwa anarudia rudia. Si unamjua."

Kusema kweli, simjui. Tangu Januari sijamsikia akikohoa.

"Mwulize kama aliachilia yale mabao."

Safari hii alirudi upesi. "Anasema hapana. Anasema ni jua tu, na wewe hukuwa."

Hilo lilinichoma, lakini niliamini. Kijana anayeuza mechi hatupi mwili wake chini vile alivyokuwa anautupa.

"Basi mwulize hili la mwisho. Mimi nilisema Agosti. Nani alimwambia alete mbuzi Januari?"

Kanini alisimama kidogo kabla ya kwenda. Kule langoni walikaa sana. Kisilu alipaza sauti, nikasikia neno moja, "mwambie", tena "mwambie". Halafu nikaona binti yangu anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Akarudi, akakaa karibu nami, akashika mkono wangu.

"Anasema ni baba."

Wasomaji wangu, niliamini papo hapo.

Kwa sababu yote yalikubaliana. Musyimi ni meneja wa Mwethya Stars, lakini pale buchari wanaume humwita "bwana ya kayamba", na anacheka kwa meno tu. Musyimi na Nyamai walisoma darasa moja. Musyimi ndiye aliyesema mbuzi hawarudishwi. Musyimi ndiye aliyenoa kisu. Na siri ya "mto" na "barabara" nilimwambia mwenyewe, kitandani, nikicheka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimelala na nguo yenyewe.

Jioni nilimwekea muthokoi bila maharagwe. Akatazama sahani.

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mama Kanini, kama ni maneno ya sokoni, kesho nitakuongelea. Mimi ni meneja, watanisikia."

"Utasema nini?"

"Kwamba hukujua."

"Na wewe ulijua?"

Akaweka kijiko chini. "Nilijua nini?"

Nilimwambia kwamba tangu Januari nimefundishwa kunyamaza na sasa nimekuwa bingwa. Alikula chakula kile kikavu chote, akaosha sahani mwenyewe, jambo ambalo halifanyi. Nikasema moyoni, huyo ni mtu mwenye hatia.

Jumapili sikusikia mahubiri. Nilikuwa napanga maneno yangu. Ningesimama pale shuleni, mbele ya mashabiki wote, niseme ni nani aliyepanga kunitoa nyuma ya goli. Ningemvua nguo Musyimi. Ndoa yangu ingebaki vile itakavyobaki. Jina langu nilikuwa nalo kabla ya ndoa.

Tulipofika shuleni darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Nje kulikuwa na pikap nyeupe imeegeshwa chini ya ukuta, sikuiuliza ni ya nani. Kanini alikuwa amenibebea kayamba. Akaketi nyuma karibu na mlango, akaiweka mapajani. Wifi yangu Katunge, dada ya Musyimi, akaketi kando yangu, akanishika bega. Musyimi alikuwa mbele na Mbaluka, kwenye meza ya mwalimu.

Mbaluka hakuzunguka. "Timu imekosa kupanda. Tulikuwa na pointi moja ya kutafuta, hapa nyumbani, kwa uwanja tumechimba na mikono yetu. Mtu aliyekuwa anatuimbisha akakaa kando. Baadaye tunasikia mbuzi alizokula ni za Nyamai. Mama Kanini, tueleze."

"Kwanza mniambie mnanishtaki nini."

"Kuuza mechi," sauti ikatoka dirishani.

"Kwa nyama ya mbuzi mmoja?"

"Watu wameuza kwa chini ya hiyo."

Musyimi akainua mkono. "Ngojeni. Huyu ni bibi yangu, namjua. Hakujua mbuzi walikotoka. Hata mimi sikujua."

Aliposema "hata mimi sikujua", damu ilinipanda. Nilisimama. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtaje, halafu mlangoni pakatokea Kisilu.

Aliingia ameinama, akapita kando ya ukuta, akaketi kwenye dawati la mbele. Nafikiri hakuniona. Watu wote wakanitazama. Kila mmoja alijua inavyotakiwa. Mkwe akiketi, mama mkwe anajifunika, anatoka. Katunge tayari alikuwa ananivuta leso anifunike.

Nikiendelea, nimevunja nthoni. Nikitoka, nimeuza mechi milele.

Mlangoni nilimwona Kanini akitikisa kichwa. "Toka, mama," akaninong'oneza kwa midomo tu. "Tafadhali toka."

Nilidhani ananionea aibu.

Nikaitoa leso kichwani, nikaikunja, nikampa Katunge. Nikageuka nikamtazama yule kijana usoni kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alikuwa amekonda.

"Kisilu," nikamwita.

Nyuma mama mmoja akasema "aa-aa" kwa sauti ya chini, kama anayeona mtoto akikaribia moto. Kisilu akasimama polepole, hajui aweke wapi macho.

"Naam, mama."

"Niangalie. Mbele ya hawa watu wote, sema yale uliyonitumia jana langoni. Mtaje aliyekwambia ulete mbuzi Januari. Hata kama ameketi hapo mbele, mtaje."

Nilikuwa namtazama Musyimi ninaposema hivyo, na Musyimi alikuwa ananitazama mimi, na ghafla nikaona ameelewa kwa nini alikula muthokoi bila maharagwe.

"Ulifikiri ni mimi?" akauliza. Hakupaza sauti.

Lakini Kisilu alikuwa ameanza kusema.

"Mama, mbona niseme tena? Nilisema yote jana. Nilisema mimi sikuleta mbuzi."

"Uliwaleta kwangu. Nilikula."

"Niliwakuta steji wamefungwa kamba. Mjomba wangu ametoka mji wa Salama siku hiyo kunisindikiza, akadhani ni mimi nimenunua, na mimi niliona haya kumwambia. Nilitaka kungoja Agosti vile ulisema, niuze ndengu, ninunue mbuzi wangu. Kanini akakataa. Akasema Agosti itakuwa too late, mbuzi amezipata kwa mdosi wake Nyamai, mimi nivae suti nifuate tu nyuma. Jana nimemwambia akwambie, mama. Nimemwambia hata wale wawili wamebaki warudishwe, ndio tuanze upya vizuri. Nikasema nitaleta wangu."

Akaniangalia usoni. "Kwani hakukwambia?"

Nilikuwa nimesikia, ndiyo. Nilikuwa nimesikia kupitia mdomo wa mtoto niliyemzaa, kwa sababu mila ilinikataza kusikia kwa masikio yangu. Maneno yote yale marefu, kifua kile alichokishika, binti yangu aliyameza njiani kati ya lango na jikoni, akaniletea jina la baba yake.

Kitu kingine kikaja nyuma ya hicho, kikaniuma zaidi. Katunge ndiye aliyekisema, maana Katunge hawezi kushikilia neno.

"Sasa kama si yeye alileta mbuzi," akasema, "hiyo si ntheo. Msichana hawezi kujiletea ntheo. Hiyo ni nyama tu."

Wazee wawili karibu na ubao wakaitikia kwa kichwa.

Nyama tu. Basi Kisilu hakuwa mkwe wangu. Hajawahi kuwa. Januari, Februari, Machi, hadi ile siku ya tatu kwa nunge, nilisimama kona ya mbali na leso mdomoni kumheshimu mtu ambaye ningeweza kumwimbia hadi koo likauke. Hakuna sheria iliyonizuia. Hakuna nthoni. Msimu mzima tuliupoteza kwa adabu ambayo sikudaiwa na mtu.

Na nyumbani mwangu waliojua kazi ya sauti yangu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ameketi mbele, macho yamejaa maji, na nilikuwa nimemnyima maharagwe.

Nikageukia mlango.

"Kanini," nikamwita, "kwa nini?"

Alikuwa amesimama tayari. Hakulia safari hii. Aliniangalia, akamwangalia Kisilu, ambaye hakugeuza kichwa, kisha akatoka na kayamba yangu mkononi. Watu wa madirishani wakageuka wote pamoja kuangalia nje.

Ile pikap nyeupe ilinguruma, na mmoja wao akasema, "Ni ya Nyamai." Nilisikia kayamba yangu ikilia ndani yake mara moja, halafu mlango wa gari ukafungwa.